Uzito wa Bastola Nyepesi: Rivolva ya Kaliba Ndogo katika Mazingira ya Kizingo

Kizingo ni sehemu ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, pale ambapo mlango wa Kilindini unafunguka kuelekea bahari kuu, na ndani ya eneo hilo dogo mna Ikulu ya Mombasa, mnara wa taa za meli, mibuyu mikongwe ya Mama Ngina na, ukipanda kidogo kuelekea Treasury Square, mahakama. Wakaazi wake wengi ni watu wa kipato cha kati na cha juu: mawakili, madaktari, wenye biashara za bandarini, wastaafu wa serikali, na familia za Mji wa Kale zilizohamia majumba ya ghorofa bila kukata mguu Kibokoni na Kuze. Katika tabaka hili, kuliko katika mitaa mingine ya kisiwa, swali la kumiliki bastola kwa kibali cha serikali huwa swali la kweli, kwa kuwa kibali hicho hudai sababu, muda, fedha na nyumba yenye mahali pa kuihifadhi silaha. Na mtu akishaanza kulifikiria, jibu linalomjia upesi ni rivolva nyepesi ya kaliba ndogo, kwa hoja kwamba inaingia mfukoni, haina mitambo mingi na haitishi mkono. Uchambuzi huu unashikilia kwamba hoja hizo ni za kweli kwa nusu tu, na kwamba kila gramu inayopunguzwa kwenye chuma cha bastola hulipwa mahali pengine, ama na kiganja cha mpigaji, ama na uwezo wa risasi, ama na mwenye silaha mwenyewe mbele ya sheria.

Istilahi zinahitaji kuwekwa sawa kwanza, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku neno bastola hubeba kila silaha ya mkononi. Neno lenyewe lina asili ya Kireno, ilhali majirani zake katika msamiati, yaani bunduki, risasi na baruti, walifika pwani kwa njia ya Uarabuni. Rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda, yaani pipa fupi lenye vyumba vitano hadi vinane hivi, linalozunguka chumba kimoja kila kifyatulio kinapovutwa ili risasi inayofuata ije nyuma ya mtutu. Hutofautiana na bastola ya kujijaza, mfano wa ile Ceska inayotajwa mno katika habari za polisi wa Kenya, ambayo risasi zake hupangwa katika magazini ndani ya mpini, na nguvu ya risasi moja kulipuka ndiyo inayotupa ganda nje na kuingiza risasi nyingine. Kaliba ni kipenyo cha ndani cha mtutu, kinachohesabiwa ama kwa milimita ama kwa sehemu za inchi; hivyo kaliba ya .22 ni takriban milimita 5.6, ya .32 ni karibu milimita 8, na .38, kwa ajabu ya majina ya kibiashara, ina risasi yenye kipenyo halisi cha .357 ya inchi, yaani milimita 9 na ushei. Hapa kaliba ndogo inamaanisha .22 na .32, nayo .38 inaletwa kama kipimo cha kulinganishia, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka katika rivolva za mfukoni kwa zaidi ya karne moja.

Udogo huo wa kaliba haukuanza leo. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya rivolva yake 1836, na rivolva ya kwanza ya kampuni ya Smith & Wesson, iliyotoka 1857, ilikuwa ya kaliba ya .22 yenye vyumba saba, ndogo ya kutosha kukaa mfukoni. Afrika Mashariki iliijua silaha ya namna hii mikononi mwa wasafiri na maofisa wa kigeni, na kwa makusudi ikazuiwa isifike kwenye mikono mingine. Mkataba wa Brussels wa 1890, unaokumbukwa zaidi kwa vita dhidi ya biashara ya watumwa, ulikataza kuingizwa kwa silaha za kisasa katika eneo lote la Afrika lililo baina ya latitudo ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, isipokuwa kwa idhini iliyotolewa kwa mtu mmoja mmoja ambaye angetoa dhamana kwamba silaha yake haitahamia kwa mwingine. Mombasa imo katikati ya mipaka hiyo, na kwa hiyo wazo la kwamba bastola ni ya mtu aliyetajwa kwa jina, wala si mali ya kuuziana na kupeana kama baiskeli, ni kongwe kuliko dola ya Kenya.

Wazo hilo lilipata makali yake katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni 20 Oktoba 1952. Rivolva ilikuwa kiunoni mwa mlowezi hata mezani, ilhali kwa Mwafrika kupatikana nayo bila idhini kulikuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipokamatwa 21 Oktoba 1956 alikuwa na rivolva ya Webley & Scott ya kaliba ya .38, na mashtaka yaliyomfikisha mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor mjini Nyeri yalikuwa ya kupatikana na bastola hiyo na risasi zake, bila ya mashtaka kudai kwamba alimpiga mtu kwayo. Akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Msomaji wa leo anaweza kuuona mfano huu kuwa mbali na sebule ya Kizingo, lakini Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, ilianza kutumika 1954, katika miaka hiyo hiyo, na ingawa imefanyiwa marekebisho mara nyingi, jicho lake bado limekazwa kwenye kumiliki kabla ya kutumia. Anayeiona rivolva ndogo kama kosa dogo, kwa sababu ni ndogo, anaisoma sheria hiyo vibaya, kwani haipunguzi hitaji la kibali kwa kuwa risasi ni ya milimita 5.6 badala ya 9.

Utaratibu wa sasa uko mikononi mwa Bodi ya Leseni za Silaha. Katiba ya 2010 haina kifungu kinachompa raia haki ya kubeba silaha, kwa hiyo mwombaji huomba fadhila ya dola na kuithibitisha haja yake, maombi yakipitia kwa polisi wa eneo anakoishi, ambako mwenendo wake na rekodi yake ya jinai huchunguzwa. Hati ikitolewa hutaja silaha mahsusi na kiasi cha risasi ambacho mwenye hati anaruhusiwa kuwa nacho, na hudumu mwaka mmoja kabla ya kuhuishwa. Mwezi Desemba 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye silaha wajitokeze kuhakikiwa upya ndani ya siku 90, na hati za zamani za karatasi zikaanza kupisha za kidijitali. Haya yana maana ya moja kwa moja kwa anayechagua kaliba, kwa sababu hati inamfunga na chaguo lake: hawezi kununua rivolva ya .22 leo, kuiona dhaifu kesho, na kuibadilisha keshokutwa dukani kama mtu anayebadilisha simu.

Baada ya sheria huja chuma. Rivolva ya mfukoni ya chuma cha pua au cha kawaida, mfano wa Chief's Special iliyotolewa na Smith & Wesson 1950 ikiwa na vyumba vitano vya .38, ina uzito wa gramu 550 hivi bila risasi. Watengenezaji walianza kuipunguzia uzito mara moja; Colt walitoa Cobra yenye fremu ya aloi ya alumini 1950, na Smith & Wesson wakafuata mwanzoni mwa muongo huo kwa aina waliyoiita Airweight, ambayo warithi wake wa leo wana gramu 425 hivi. Mwaka 2009 kampuni ya Ruger ilileta LCR, ambayo sehemu ya fremu yake ni ya plastiki ngumu, na aina yake ya .38 ina gramu 383. Upande wa kaliba ndogo, Smith & Wesson 317 ya .22, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1990, hubeba risasi nane katika mwili wa gramu 300 hivi. Kwa kulinganisha, simu kubwa ya kisasa ikiwa ndani ya gamba lake ina gramu 250 hivi. Silaha imefikia kupimwa kwa mizani ya simu, na hapo ndipo tamaa inapoanza.

Tamaa hiyo inahitaji kuwekewa fizikia. Risasi inapotoka mbele, bastola husukumwa nyuma kwa kiasi kile kile cha mwendo. Huo ndio msukumo ambao wapigaji huuita teke. Kwa risasi ile ile, nishati ya teke huongezeka kadiri uzito wa bastola unavyopungua, kiasi kwamba bastola ya gramu 400 humpiga mwenyewe kwa nishati maradufu ya ile inayotoka katika bastola ya gramu 800. Ndiyo sababu rivolva nyepesi ya .38, ambayo muuzaji huisifu kwa kutokuhisika mfukoni, huhisika sana kiganjani, na mtu aliyefyatua risasi kumi za aina hiyo kwenye uwanja wa shabaha mara nyingi huwa ameridhika na mazoezi kwa mwaka mzima. Kaliba ndogo inaingia hapa kama suluhisho. Kichwa cha risasi ya .22 kina gramu 2.6, ilhali kile cha kawaida cha .38 kina gramu 10.2; teke la .22, hata katika bastola ya gramu 300, ni kama kusukumwa na mtoto, na mzee mwenye baridi yabisi au mtu mwenye vidole vyembamba anaweza kuizoea bila kuiogopa. Faida hii ni kubwa na haifai kubezwa, kwa kuwa risasi ndogo inayogonga inapokusudiwa ina thamani kuliko kubwa inayopita pembeni na kuingia nyumba ya jirani.

Lakini katika rivolva kuna jambo ambalo matangazo ya biashara hayapendi kulitaja, nalo ni uzito wa kifyatulio. Rivolva nyingi za mfukoni hufanya kazi kwa mvuto mmoja mrefu: kidole kinapovuta, mvuto huo huo huzungusha silinda, hunyanyua nyundo na kisha kuiachilia. Kazi zote tatu zikifanywa na kidole kimoja, nguvu inayohitajika hufikia kilo tano na zaidi, na silaha yenyewe haina hata nusu kilo. Kidole kwa hiyo kinavuta mzigo unaozidi mara kumi uzito wa kitu kinachopaswa kutulia. Kisipokuwa na mazoezi, bastola yote huyumba kabla risasi haijatoka. Na la ajabu zaidi ni kwamba kifyatulio cha rivolva ya .22 mara nyingi ni kizito kuliko cha .38. Sababu yake iko ndani ya risasi. Katika risasi ya .38 fataki, yaani kile kidonge cha kemikali kinachowasha baruti, hukaa katikati ya kitako cha ganda; katika .22 kemikali hiyo imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na nyundo hulazimika kuuponda ukingo huo kwa nguvu ili iwake kwa uhakika. Springi ya nyundo hukazwa, na kidole hulipa. Hivyo silaha inayopendekezwa kwa mkono dhaifu ndiyo inayodai kidole chenye nguvu zaidi, na mama wa miaka sabini anayenunuliwa rivolva ya .22 na wanawe kwa huruma anaweza kugundua kwamba teke analiweza ila kuvuta hakuwezi.

Ganda hilo la .22 lina udhaifu mwingine: kemikali ya ukingoni haisambai sawasawa kila mara, na risasi zisizowaka ni nyingi kuliko katika aina nyingine. Rivolva huupunguza udhaifu huu kwa tabia yake yenyewe, kwani mpigaji huvuta tena na silinda humletea risasi nyingine, bila ya kuhangaika kutoa ile iliyokwama kama katika bastola ya kujijaza. Kwa mtu asiyefanya mazoezi kila wiki, na hao ndio wengi, wepesi huu wa kueleweka ni hoja iliyo imara kuliko hoja ya gramu.

Kuhusu kazi ya risasi yenyewe maneno ni mengi na takwimu ni chache zinazokubaliwa na wote. Kutoka kwenye mtutu wa sentimita tano, risasi ya .22 hubeba nishati ya jouli mia moja hivi, na ya .38 hubeba zaidi ya mara mbili ya hiyo. Baada ya makabiliano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambapo maafisa wawili wa FBI waliuawa na mshambuliaji mmoja akaendelea kupigana akiwa tayari ana majeraha ya kufisha, shirika hilo liliweka kipimo cha kwamba risasi ya kujihami ipenye katika jeli ya majaribio kati ya sentimita 30 na 46 hivi. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya polisi wanaolazimika kupiga kupitia vioo vya magari, na kukihamishia chumba cha kulala cha Kizingo kunahitaji uangalifu. Hata hivyo funzo lake la msingi linabaki, kwamba mtu aliyepigwa hasimami kwa sababu ya ukelele wa bastola bali kwa sababu ya mahali risasi ilipofika. Risasi ya .22 inaua, na jambo hilo lisisahauliwe hata kidogo, lakini haitoi uhakika wa kumzuia mtu kwa wakati. Tofauti baina ya kuua na kuzuia ndiyo inayopotea pindi mtu anapoambiwa kwamba kaliba ndogo inatosha.

Kaliba ya .32 hukaa katikati, na ng'ambo ya bahari iliyo mbele ya Kizingo ina historia yake. Nchini India sheria inamzuia raia kumiliki kaliba nyingi za kijeshi na kipolisi, kwa hiyo viwanda vya serikali vimekuwa vikiwatengenezea raia rivolva za .32. Januari 2014 kiwanda cha serikali cha Kanpur kilizindua rivolva iliyoitwa Nirbheek, maana yake asiye na hofu, ya aloi ya titani, yenye risasi sita na uzito wa nusu kilo hivi, ikitangazwa kuwa silaha ya wanawake baada ya ghadhabu iliyolikumba taifa hilo kufuatia ubakaji wa genge ndani ya basi mjini Delhi, Desemba 2012. Bei yake ilikuwa rupia 122,360, kiasi ambacho mfanyakazi wa kawaida wa kike wa India asingeweza kukiota, na wakosoaji waliuliza kwa haki kama silaha ya bei hiyo ilikuwa ya kumlinda mwanamke wa basi la usiku au ya kumtuliza aliyekwisha kulindwa na geti na dereva. Swali hilo linaweza kuvushwa bahari bila kubadilishwa neno.

Hali ya hewa ya Mombasa inaipa rivolva nyepesi hoja yake iliyo bora, na papo hapo inaizulia tatizo. Nairobi mtu huvaa koti na kuficha chochote. Mombasa, hasa miezi ya kaskazi, mavazi ni shati jepesi, kanzu au dera, na bastola ya gramu 800 huonekana kwa mtazamaji yeyote wa barazani. Rivolva ya gramu 300 katika mfuko wa suruali haikitoi kitambaa nje sana, ingawa katika mfuko wa kanzu huning'inia na kugonga paja kama ufunguo wa godauni. Mkobani ni pabaya zaidi, kwa sababu mkoba ndicho kitu cha kwanza anachokinyakua mwizi wa pikipiki, naye huondoka na silaha ambayo hati yake ina jina la mwathiriwa. Kisha kuna chumvi. Upepo wa Mama Ngina unaokula madirisha ya chuma na sahani za magari haubagui, na jasho la mwili humalizia kazi hiyo. Fremu za alumini haziozi kwa kutu, lakini springi, skrubu na silinda katika aina nyingi ni za chuma, na unyevu unaoingia kati ya sehemu hizi hauonekani mpaka silinda inapogoma kuzunguka. Rivolva iliyokaa kwenye sefu ya ghorofani miezi sita bila kupakwa mafuta ni kitendawili, na risasi zilizokaa nayo ni kitendawili cha pili.

Hatari inayohofiwa Kizingo nayo inastahili kutazamwa kwa umbo lake halisi. Vurugu za uhalifu zilizokitia kisiwa na viunga vyake hofu katika muongo uliopita zilitokana zaidi na magenge ya vijana wenye mapanga, yenye majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao, yakishambulia kwa wingi na kwa ghafla Kisauni, Likoni na vichochoro vya Mji wa Kale. Dhidi ya kundi la vijana kumi na watano wanaokimbia, rivolva ya risasi tano au nane yenye kifyatulio kizito huwa na nafasi ndogo, na kuijaza tena katikati ya taharuki, risasi moja moja, ni kazi ambayo hata wajuzi huikosea. Kichochoro chenyewe ni adui mwingine: kuta za mawe ya matumbawe zinatazamana kwa umbali wa hatua chache, milango iko wazi, watoto wanacheza, na risasi ya .22 inasifika vibaya kwa kuruka pembeni inapogonga kitu kigumu kwa mshazari. Ndani ya nyumba mambo ni tofauti. Mlango mmoja, ngazi moja, mtu mmoja anayevunja komeo: hapo silaha yoyote iliyo mkononi mwa mtu mtulivu ina uzito wake, na hapo pia wepesi wa kubeba hauna faida, kwa kuwa hakuna anayebeba kitu kutoka chumba hadi chumba akichoka.

Sheria inayohukumu kilichofuata iko katika kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinachoelekeza kwamba nguvu iliyotumika kulinda mwili au mali ipimwe kwa misingi ya sheria ya desturi ya Uingereza. Kwa lugha nyepesi, nguvu iwe ya lazima na ilingane na hatari jinsi mtu alivyoiona kwa unyofu wakati ule. Mahakama za Kenya hurejea mara kwa mara kesi ya Palmer, iliyotoka Jamaika na kuamuliwa na Baraza la Faragha mjini London 1970, ambayo ilikubali kwamba aliyevamiwa hawezi kutazamiwa kupima nguvu zake kwa mizani ya duka la dhahabu. Huruma hiyo ina kikomo. Anayempiga mgongoni kijana anayeruka ukuta na televisheni atajibu mashtaka, na hatasaidiwa na hoja kwamba bastola yake ilikuwa ndogo; kinyume chake, imani ya kwamba risasi ndogo hujeruhi tu inaweza kumshawishi mtu kufyatua mapema, na huo ndio upotovu wa hatari kuliko wote unaoletwa na kaliba ndogo.

Lipo tena suala la milango. Mkaazi wa Kizingo anayetaka kutembea na silaha kila siku atakaguliwa akiingia mahakamani, akiingia maduka makubwa ya Nyali, akivuka feri ya Likoni, akipanda treni ya SGR Miritini na, bila shaka, akiingia uwanja wa ndege wa Moi. Kila mlango humlazimu ajitambulishe, atoe hati, pengine aiache bastola kwa askari asiyemjua ndani ya chumba ambacho hakijui. Uficho ambao kwa ajili yake alilipa gramu na nguvu ya risasi huvunjwa mara nne kabla ya adhuhuri. Baada ya mwezi mmoja wengi wangefanya jambo la busara, yaani kuiacha nyumbani, na silaha inayobaki nyumbani haikuhitaji kuwa nyepesi hata chembe. Ina haja ya sefu iliyofungwa kwa boliti ukutani, kwani sheria inamtaka mwenye hati aihifadhi silaha kwa usalama wakati wote, na nyumba za Kizingo ni nyumba za watu wengi: wajukuu wa likizo, wasaidizi wa kazi, mafundi wa AC, wageni wa harusi. Rivolva nyingi hazina kitufe cha usalama cha nje. Zinategemea ule uzito wa kifyatulio, ambao ni kinga pungufu dhidi ya kidole cha mtoto wa miaka mitatu na si kinga hata kidogo dhidi ya cha ndugu yake wa miaka tisa anayetumia vidole viwili.

Yakikusanywa hayo, uamuzi wa uchambuzi huu unaegemea upande ambao wanunuzi huupuuza. Kwa mtu aliyepewa hati kwa ajili ya ulinzi wa nyumba, rivolva ya chuma kizima ya .38, yenye gramu mia tano na zaidi na mtutu wa sentimita saba hadi kumi, ni chaguo la busara kuliko ndugu yake wa mfukoni, kwa kuwa uzito unaomchosha mbebaji ndio unaomtuliza mpigaji. Kwa mzee ambaye mikono yake hailiwezi teke hilo, .32 ina nafasi pale ambapo risasi zake zinapatikana kwa muuzaji mwenye leseni, jambo la kuulizwa kabla ya kuomba hati na si baada yake, maana soko la Kenya limejengwa zaidi juu ya milimita 9. Kaliba ya .22 inabaki kuwa mwalimu bora wa shabaha, ya bei nafuu na ya sauti ndogo, na saa chache kwenye uwanja wa klabu ya bunduki zingemfaa mwanafunzi kuliko miaka ya kuibeba mfukoni bila kuipiga. Kama silaha pekee ya kujihami, iteuliwe tu na yule ambaye amejaribu nyingine zote na mkono wake umezikataa.

Limebaki jambo moja ambalo halitajwi siku ya kununua. Kizingo ni mtaa wa wastaafu, na wenye hati huzeeka na kufa. Nyumba, gari na fedha za benki za marehemu Mwislamu huenda kwa Kadhi na kugawanywa kwa faraidhi, kila mrithi kwa fungu lake. Rivolva ina thamani ya fedha kama kitu kingine chochote katika mirathi, lakini hati ilikuwa ya marehemu peke yake na imekufa naye, na hakuna mjane, mwana wala binti ambaye kuimiliki kwake silaha hiyo kuna idhini. Njia iliyo salama ni kuripoti kituoni na kuwaachia polisi waichukue, na anayetaka kuirithi aombe hati yake mwanzo kabisa. Mpaka hapo, katika chumba cha nyuma chenye harufu ya udi wa matanga, kuna sefu ambayo namba zake zinajulikana na mtoto mkubwa wa kiume, na gramu mia tatu za alumini ndani yake, na hakuna aliyemo nyumbani mwenye ruhusa ya kuzigusa.